Fomu ya Chilubwe

Wameniletea fomu kutoka teritware, kurasa nne,
na kalamu ya bluu isiyoandika mpaka uipumulie.
Mahali palipo:
Nimejibu, ukitoka Lubumbashi fuata reli kwenda kusini
mpaka uchoke kuuliza. Kilomita themanini na tatu.
Stesheni ina kengele, haina treni ya kusimama.
Treni ya shaba hupita saa tisa usiku bila kutusalimia,
vikombe kabatini hugongana kwa niaba yake.

Milima: hatuna.
Tuna vichuguu,
vingine virefu kuliko kanisa, vimeota miti kichwani,
na watu huelekezana kwavyo:
pinda kwenye kichuguu cha Mwewa,
ukimkuta mbuzi amesimama juu, umepotea, rudi.
Udongo wake ndio matofali yetu. Basi niseme kweli,
milima tulikuwa nayo, tumeibomoa tukaingia ndani kulala.

Mito: mmoja, Lubwe.
Kiangazi unauvuka viatu mkononi.
Ng'ambo ni Zambia. Mto haujui.
Mama Anastazia ana shamba upande ule na jiko upande huu;
mihogo yake huvuka mpaka kila jioni imelowa,
wala hajatokea wa kuigongea muhuri.

Utajiri wa ardhi.
Hapa nilikaa sana.
Nyuma ya shule kuna uwanda usioota mti,
ni vile viua vya bluu tu, vifupi, kama vimekatazwa kurefuka.
Wa zamani walijua: palipo na ua hilo, chini kuna shaba.
Mwezi wa tano walikuja vijana wenye kofia ngumu,
wakapigilia vigingi vyenye utepe mwekundu,
wakanunua mayai yote ya mji, wakaenda zao.
Utepe wasichana wameshafungia nywele.
Vigingi vimebaki. Vinangoja kama wageni waliokataa kukaa.
Nimeandika: maua.

Idadi ya wakazi.
Muuguzi Kapya anao mia tatu na sita, kwa hesabu ya chanjo.
Pasta anao mia tano, ila yeye huhesabu na waliookoka wakahama.
Polidori mlinzi wa pampu anasema bidoni mia na tisini kwa siku,
"gawanya mwenyewe, wewe ndiye uliyesoma."
Kwa Mama Mujinga niliambiwa niandike saba.
Niliona vichwa vitatu vimeinamia bukari.
"Wanne wako Kolwezi, mashimoni.
Sahani zao hizi hapa. Naziosha."
Nikaandika saba.
Kwa jirani yake nikaandika tisa, palipokuwa na wawili,
na kwa jirani wa jirani nikaona haya kuanza kupunguza.

Ukubwa wa eneo sijui.
Sauti ya Kalunga akiita ng'ombe wake mmoja
hufika mwisho wa mji na kurudi kabla hajafunga mdomo.
Fomu inataka hektari.

Asubuhi hii lori la makala limepakia magunia themanini,
na juu ya magunia, Chisenga na mdogo wake
wamekumbatia redio iliyofungwa kitenge cha mama yao.
Wakanipungia. Nami nikawapungia,
fomu ikiwa mkononi, ikipepea kama kitambaa.
Vumbi halijatua, upande wa zahanati
mtu akapiga vigelegele.
Kimya kidogo.
Akapiga tena: mapacha.

Kalamu ya teritware nimeirudisha mfukoni.
Nimeazima penseli kwa mwalimu.
Natoa wawili, naongeza wawili, idadi ni ileile,
na bosi akiisoma ataona hapa hapajatokea kitu.
Ila pale raba ilipopita karatasi imekonda;
ukiinyanyua dirishani,
mwanga unapita.